ORHAN AU ALAEDDIN: NANI ATAACHIWA NYUMBA YA MZEE?

KAMA wewe ni mtu wa kupita Gerezani asubuhi, bila shaka umewahi kuwaona wanaume wazima wenye masizi mpaka kwenye kope, wamekaa kwenye mabenchi ya chai wanabishana mpaka mate yanaruka. Mgeni atadhani wanagombea tenda ya mageti, au ni yale yale ya Simba na Yanga. Wapi! Wanabishana kuhusu Bursa.

Naam, Bursa, mji wa Uturuki ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuutia machoni. Utaanguka vipi? Nani ataingia langoni wa kwanza? Na mzee Osman ataufikia akiwa hai au atapelekwa akiwa maiti? Juzi fundi mmoja wa majiko aliiacha chapati yake mpaka ikawa ngumu kama soli, kisa Bursa.

Mimi nayasikia yote kwa sababu nipo pale pale nawamiminia chai. Mama yangu ana genge jirani na mafundi chuma, na tangu nimalize kidato cha nne siku yangu inaanzia hapo, kalamu ya kukuandikia wewe msomaji inafuata baadaye. Kwa hiyo ninayokupa leo si ya kuambiwa. Ni ya kwenye benchi.

KWA WALE WALIOKUWA USINGIZINI

Hadithi yenyewe ni hii. Tarehe 10 Desemba 2014 televisheni ya TRT 1 ya Uturuki ilianza kuonyesha tamthilia ya Ertuğrul, ikaenda misimu 5 mpaka Mei 2019. Engin Altan Düzyatan ndiye aliyekuwa Ertuğrul mwenyewe. Machozi hayajakauka, Novemba ya mwaka huo huo stesheni ya ATV ikatuletea mtoto wake, Osman, akiigizwa na Burak Özçivit. Naye akakimbiza farasi misimu 6, mpaka mwaka 2025.

Nyuma ya zote mbili yupo mtu mmoja, Mehmet Bozdağ, bingwa wa kukatisha sehemu wakati panga limeshafika shingoni mwa mtu. Unabaki umeshika kikombe, hulali.

Halafu tarehe 29 Oktoba 2025 ATV wakafungua ukurasa mpya. Tamthilia sasa inaitwa kwa jina la Orhan, mtoto wa Osman. Burak hatamu kaziachia, aliyezidaka ni kijana Mert Yazıcıoğlu. Babu, baba, mjukuu. Ukoo mmoja, damu moja, na watazamaji wale wale ambao tumezeeka nao.

Sasa wenzetu wanaojua Kituruki wanakwenda na wakati. Sisi tunaosubiri mpaka maneno yageuzwe Kiswahili tunafuata nyuma kama gari la taka. Kwenye benchi letu bado tunamalizia Osman, flashi kwa flashi, zile zinazojazwa kwenye vibanda vya muvi huko Kariakoo. Kwa hiyo kwetu sisi Orhan ndiyo msimu ujao, na msimu ujao ndiyo mjadala.

Yupo kijana mmoja wa spea mwenye simu kubwa anayedai ameshaona vipande. Huyo amepigwa marufuku kufungua mdomo mpaka watu wamalize chai. Akikohoa tu anatolewa benchi.

GEREZANI NA WATURUKI WAPI NA WAPI?

Usishangae. Mlango ulifunguliwa na ile Sultan ya Azam TV, iliyotafsiriwa Kiswahili. Mtaa mzima ukawa unamjua Hurrem kuliko mke wa mjumbe. Akina mama waligawanyika makundi mawili, la Hurrem na la Mahidevran, na nakwambia kulikuwa na watu hawaazimani chumvi.

Lakini Sultan ilikuwa ya ndani ya kasri, mambo ya mapazia na sumu. Ertuğrul na Osman ndizo zilizowateka mafundi, kwa sababu mle ndani kuna kazi yao. Kuna Deli Demir mhunzi, mzee wa nyundo, ambaye alipokufa ilikuwa kama amekufa fundi wa hapa hapa. Kuna Turgut na shoka lake. Kuna Bamsi mwenye panga mbili, mcheshi, mlaji, ambaye msiba wake ulinyamazisha genge zima.

Na wenyewe mafundi hawaangalii kama mimi na wewe. "Upanga ule haujaiva," mmoja anasema, "angalia rangi ya chuma anapoutoa kwenye moto." Mwingine anadai shoka la Turgut halina mizani, ukilirusha vile litageuka hewani likurudie. Mtu wa chuma humdanganyi kwa muziki wa ngoma.

WALISHAKUFA, SASA MNABASHIRI NINI?

Swali hilo aliuliza mama yangu huku anageuza maandazi. Watu wenyewe walishakufa miaka mia saba iliyopita, vitabu vimeandikwa, makaburi yapo. Sasa mnabashiri kitu gani?

Ni swali zuri, na ndilo linaloitofautisha tamthilia ya kale na hizi nyingine. Kwenye tamthilia ya mapenzi ya siku hizi mwandishi anaweza kumwua yeyote akiamka vibaya. Kwenye ya kale mikono yake imefungwa nusu. Mwisho anaujua kila mtu, njia ya kufika huko ndiyo iko gizani.

Kwa hiyo sisi wabashiri tuna kanuni zetu, na leo nakupa bure.

Kanuni ya kwanza: mwenye tarehe yake hafi mapema. Orhan amefariki mwaka 1362. Basi hata wamchome mishale arobaini, wamtupe korongoni, wamfukie, wewe endelea kutafuna karanga zako. Ataamka.

Kanuni ya pili: mhusika ambaye historia haimjui, mwandalie sanda. Hasa akianza kupendwa. Akishatabasamu mara tatu, akazungumzia kuoa au kujenga nyumba, ujue mwandishi anamnolea kisu.

Kanuni ya tatu: mkataba unaua kuliko jambia. Meryem Uzerli, yule Hurrem tuliyempenda, aliondoka mwaka 2013 na sura ikabadilika, akaja Vahide Perçin. Halime wa Ertuğrul, yaani Esra Bilgiç, hakuonekana msimu wa 5. Mwigizaji akikorofishana na posho, malaika wa kutoa roho anapata kazi.

Na usidhani kuujua mwisho kunapunguza uchungu. Mtoto wa Sultan Suleiman, Mustafa, aliuawa kwa amri ya baba yake mwaka 1553. Imo kwenye vitabu. Waturuki wote wamesoma shuleni. Lakini sehemu ile ilipoonyeshwa kwao mwaka 2014 watu walilia, na wengine walikwenda mpaka kwenye kaburi lake, lililoko huko huko Bursa. Walikuwa wanajua. Wamejua maisha yao yote. Bado walitumaini kwamba safari hii baba atabadilisha mawazo.

UTABIRI WA KWANZA: BURSA

Ukweli wa vitabu ni kwamba Bursa iliingia mikononi mwa Orhan mwaka 1326. Osman alifariki kwenye miaka hiyo hiyo, wengi wanataja 1324, na wanahistoria wanavutana kama habari za ushindi zilimkuta hai. Mapokeo yanasema alizikwa humo humo Bursa.

Sasa kuna jambo watu wa benchi hawapendi kulisikia. Bursa haikuanguka kwa panga. Ilizungukwa kwa miaka, njia zikafungwa, chakula kikawa hakiingii, mwisho wake wenyewe wakafungua mlango. Mji ulichoshwa na njaa.

Je, Bozdağ atatuonyesha watu wamekaa nje ya ukuta miaka na miaka wanasubiri wenzao waishiwe ngano? Thubutu! Mimi naweka soda yangu kwamba tutapigiwa vita ya ngazi na moto ya sehemu mbili nzima, na mtu atapanda ukuta na bendera huku ana mishale mgongoni. Fundi wa mageti kaweka soda mbili kwamba mpanda ukuta atakuwa mtu ambaye hayumo kwenye vitabu. Kanuni ya pili hiyo, kashaiva kijana.

UTABIRI WA PILI: WANAWAKE WA ORHAN

Hapa ndipo genge linapochangamka maana akina dada nao wanasogea. Nilüfer, ambaye kwanza aliitwa Holofira, kwa mapokeo alikuwa binti wa mkubwa wa ngome ya Kirumi, akaingia kwa Waturuki siku ambayo ilikuwa iwe ya harusi yake na mtu mwingine. Ndiye mama wa Murad, aliyerithi kiti baada ya Orhan. Mpaka leo kuna mto karibu na Bursa una jina lake. Kwa hiyo, dada zangu, Nilüfer haondoki. Mwenye mto wake hafukuzwi na kijakazi.

Ila jiandaeni kisaikolojia. Mwaka 1346 Orhan, mzee tayari wa miaka sitini na ushee, alioa binti wa mfalme wa Constantinople, anaitwa Theodora. Ndoa ya siasa tupu. Baba mtu alikuwa anataka askari. Theodora alibaki na Ukristo wake, akamzaa Halil, na Halil akaja kutekwa na maharamia mwaka 1357 mpaka akalipiwa fedha.

Dada mmoja muuza mitumba aliposikia habari za Theodora alinuna kama ni mumewe yeye aliyeongeza. "Wote wako hivyo," alisema, "wakishateka mji tu."

Na yupo mtoto mwingine wa kuangaliwa kwa makini: Süleyman, simba wa baba yake. Ndiye aliyeichukua Gallipoli mwaka 1354, baada ya tetemeko kuangusha kuta. Huyo mtampenda. Mtamwandika kwenye madaladala. Mwaka 1357 ataanguka na farasi akiwa mawindoni, basi. Hakuna adui, hakuna sumu. Farasi tu. Nasema mapema ili mtu asije akanilaumu.

UTABIRI WA TATU: MGENI KUTOKA KILWA

Huu ni wangu peke yangu, na benchi zima limenicheka. Lakini subiri.

Mwaka 1331 msafiri mmoja wa Morocco, Ibn Battuta, alishuka pwani yetu hii. Alipita Mombasa, akafika Kilwa, akamkuta Sultan al-Hasan bin Sulaiman, ambaye kwa ukarimu wake watu walimpa jina la Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Mtu huyo huyo, viatu vile vile, baada ya hapo alizunguka akafika kwa Waturuki. Akafika Iznik, mji ambao Orhan alikuwa ameutwaa muda si mrefu. Alipokewa na mke wa Orhan, wapo wanaosema ndiye Nilüfer, akapewa takrima. Siku chache baadaye akafika Orhan mwenyewe.

Ameandika kwamba Orhan alikuwa na ngome karibu mia, na kwamba alizizungukia bila kutulia, hakai mji mmoja mwezi mzima. Kama fundi wa Gerezani mwenye saiti nyingi.

Sasa fikiria, msomaji wangu. Kwenye mkeka ule wa Iznik kulikuwa na mtu aliyetoka kula wali wa pwani yetu. Kama waandishi wana akili, msimu huu lazima mgeni mwenye kilemba aingie, aulizwe "Umetoka wapi?" na ajibu kwamba ameona Kilwa, mji mzuri kabisa. Siku sehemu hiyo ikitafsiriwa nataka niwe nimekaa mbele.

Na wasipomwingiza, basi inatubidi tujiulize kwa nini tunasubiri Mturuki atutajie Kilwa. Ngome ya Kilwa Kisiwani bado imesimama, na sultani wetu mkarimu hajapata hata sehemu moja ya nusu saa. Hilo ni la siku nyingine.

UTABIRI MKUBWA: NDUGU WAWILI

Haya, tumefika penyewe. Bursa ni kelele za asubuhi. Jambo linalowanyima watu usingizi Gerezani ni lingine: Osman akishafumba macho, Orhan na Alaeddin watagawanaje?

Kwa asiyejua, hawa ni baba mmoja, mama mbalimbali. Orhan ni wa Malhun, Alaeddin ni wa Bala. Kwenye Osman tumewaona wanakua, mmoja wa panga, mmoja wa vitabu na dawa, na mama zao kila mmoja ana moyo wake. Mtu yeyote aliyekulia nyumba ya wake wawili hapa mjini hahitaji tafsiri ya hapo. Hata ukizima sauti anaelewa.

Na tukishajua ukoo huu ulivyokuja kuwa huko mbele, hofu inazidi. Mwaka 1595 Sultan Mehmed wa Tatu aliingia madarakani na kuwaua ndugu zake 19. Kumi na tisa! Ndani ya Sultan ya Suleiman tumeona ndugu wanavyotafunana. Kwa hiyo benchi limegawanyika. Upande mmoja wanasema Alaeddin ataasi. Upande mwingine wanasema atapewa sumu na watu wa Orhan. Soda zimewekwa mpaka muuza soda naye anabashiri.

Lakini nilipotafuta kilichoandikwa nikakuta kitu cha ajabu. Mwandishi wa tarehe wa Kituruki wa karne ya 15, Aşıkpaşazade, anaeleza kwamba Osman alipofariki ndugu wawili walikaa na wazee wakaangalia mzee ameacha nini. Dhahabu hakuna. Fedha hakuna. Inasimuliwa kwamba vilikuwepo vazi moja, viatu virefu, chombo cha chumvi, mfuko wa vijiko, farasi na makundi ya kondoo. Na ardhi aliyoiteka.

Orhan ndiye aliyeanza kusema. Alimwambia nduguye: njoo uwe mchungaji wa watu hawa wewe. Alaeddin akakataa. Akasema dua ya baba iko kwako, maana askari alikukabidhi wewe akiwa hai. Yeye akaomba kijiji kimoja tu, akapewa, basi. Hakuna jambia, hakuna sumu, hakuna mtu kutoroka usiku na farasi.

Tatizo ni kwamba amani haiuzi. Mtu wa televisheni akipewa ndugu wawili waliogawana kwa heshima anakuna kichwa, ataijazaje sehemu ya saa mbili? Kwa hiyo utabiri wangu ni huu: watagombanishwa katikati ya msimu na mtu mbaya, tena mtu wa ndani, na mwisho watapatana kwenye kaburi la baba. Alaeddin hafi kwa mkono wa Orhan. Naweka soda tano. Hiyo ni mauzo yangu ya asubuhi nzima, ujue sitanii.

TELEVISHENI YA UKUMBINI

Kwa nini nimekazania hapa? Nitakwambia, maana msomaji wangu sikufichi.

Nyumba tunayokaa aliijenga babu. Nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, vitatu huku vitatu huku, ukumbi katikati, uani mwembe. Mtaa sitautaja. Babu amefariki, na ameacha watoto wawili wa kiume, baba yangu na baba mkubwa. Baba mmoja, mama mbalimbali. Sisi tunakaa ndani, baba mkubwa anakaa Mbagala.

Wenyeji wa Kariakoo na Gerezani mnajua kinachofuata. Kiwanja hapa siku hizi si kiwanja, ni almasi. Akatokea tajiri anataka kubomoa anyanyue ghorofa. Baba mkubwa anasema tuuze, kila mtu ashike chake. Baba anasema hapa haiuzwi, hapa ndipo tulipozikia vitovu. Tangu arobaini ya babu ilipopita, ndugu hawa wanasalimiana tu. Habari, nzuri, kwaheri. Mahakama ya mwanzo imeshaanza kutajwa.

Lakini kila Jumapili jioni baba mkubwa anapanda mwendokasi, anashuka kituo cha Gerezani, anakuja kuangalia Osman. Anasema kwao umeme unasumbua. Umeme wa Mbagala unasumbua Jumapili tu.

Wanakaa kwenye ukumbi ule ule aliojenga mzee, kochi moja, katikati wameacha nafasi ya mtu mmoja. Na hapo ndipo wanapozungumza. Wanazungumza kupitia Waturuki.

Jumapili iliyopita nilikuwa nimebeba kahawa nikasikia. Baba mkubwa alisema, macho kwenye televisheni: "Huyu Alaeddin akija kukubali kijiji kimoja atakuwa mjinga. Yeye naye ni mtoto wa mzee."

Baba akakaa kimya kidogo. "Si mjinga. Ameona mali ikikatwa vipande viwili, adui anachukua vyote viwili."

"Kila siku anayesema hivyo ni yule anayebaki na kiti," alijibu baba mkubwa.

Mama alinitazama. Mimi nikatazama kahawa. Hakuna aliyetaja nyumba. Pale kwenye kioo farasi walikuwa wanakimbia, na ukumbini kila mtu alikuwa anajua hao si farasi.

Nimelifikiria neno lile wiki nzima, na baba mkubwa ana pointi. Sisi tuliomo ndani ni rahisi kusifia umoja, maana umoja una paa na bomba la maji. Mimi mwenyewe nalala chumba cha pili kulia, kwa hiyo si shahidi huru. Lakini baba naye ana yake: tukiuza, hela ya kiwanja itagawanywa, itajenga vibanda viwili mbali na mjini, na jina la babu litabaki kwenye stakabadhi.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Ni kweli, ila wahenga hawakutuambia nani aanze kupatana.

Mwandishi yule wa kale ndiye ametuambia. Aliyeanza kutoa ni Orhan, yule mwenye askari, yule ambaye tayari alikuwa amekalia. Yeye alisema kwanza, "Njoo wewe." Ndipo mwenzake akaweza kusema, "Baki nayo, nipe kijiji," na isionekane ameshindwa. Laiti Orhan angenyamaza akasubiri nduguye aombe, nadhani tungekuwa tunaandikiwa hadithi nyingine, ya damu, na 1595 ingekuja mapema.

Kuna njia nyingi, watu wa mjini mnazijua. Wapo walioingia ubia na tajiri akajenga, familia ikabakiziwa vyumba na fremu za duka. Wapo waliogawana kodi ya wapangaji mwezi kwa mwezi. Sisemi ipi ni ipi, mimi ni mtoto na mbele ya wakubwa nachutama. Nasema tu kwamba lazima mtu aliyeko ndani afungue mlango kwanza.

Baba hulisoma gazeti hili kuanzia michezo. Ukurasa huu anaufikia jioni, baada ya kahawa.

TUKAE MKAO WA KULA

Kwa kumalizia, nakupangia karata zangu zote mezani ili baadaye usije ukasema nilibadilisha. Bursa itapiganiwa kwenye televisheni ingawa kwenye kitabu ilishindwa kwa njaa. Osman atakufa kwa heshima, maneno yatakuwa mengi kuliko pumzi. Nilüfer anabaki. Theodora anakuja kwa kuchelewa, na kununa kwenu hakutamzuia. Süleyman msimzoee. Mgeni wa Kilwa ana nafasi ndogo, lakini roho yangu iko kwake. Na Alaeddin anakufa kifo chake mwenyewe, kitandani, na kijiji chake.

Kama unaona nimekosea, andika, barua za ubishi nazipenda kuliko za sifa. Ila yule kijana wa spea mwenye simu kubwa asiandike. Tena ukimkuta njiani anataka kukusimulia, mwulize bei ya plagi.

Mpaka wiki ijayo, Mungu akitujaalia, mimi nipo benchini. Chai ni ile ile, na soda tano zangu ziko juu ya meza.